Nyumba ya Getini

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza na hasira zangu zimeanza, vyote asubuhi moja.

Nimeamka nikakuta shuka la Mama limelowa upande wa miguuni. Bati la juu ya kitanda chake limeliwa na kutu. Tundu lililokuwa la kupitisha kidole mwaka jana sasa linapitisha ngumi. Nikasogeza kitanda, nikatega ndoo, nikafika kazini nimechelewa na tope limeingia hadi kwenye soksi. Wenzangu wote walikuwa wamesimama uwanjani mbele ya maabara, Daktari Mkuu kapanda juu ya ngazi, anatangaza Tuzo ya Mfanyakazi Bora wa Masika.

Tuzo zake nazijua. Mwaka jana alipewa bwana wa mapokezi, ambaye kazi yake kubwa ni kucheka kila Daktari Mkuu anapofungua mdomo. Alipewa saa ya ukutani. Saa ilikufa kabla ya mwezi kwisha, kicheko bado kinaendelea.

Lakini safari hii zawadi ni nyumba. Ile ya getini, aliyohama fundi wa eksirei alipostaafu. Vyumba viwili, sakafu ya saruji, paa jipya, bomba nje ya mlango. Mshindi atakabidhiwa ufunguo akae humo muda wote atakaokuwa mtumishi hapa.

Maneno mengine sikuyasikia. Nilikuwa nimeshahamia. Nimeshaweka kitanda cha Mama chini ya dirisha, nimeshamtundikia nguo zake mahali pakavu.

"Funga mdomo, nzi ataingia," akasema mtu pembeni yangu.

Nani tena kama si Sindano. Ni muuguzi mwenzangu wa wodi ya watoto, mkubwa kwangu kwa miaka mingi, na jina hilo alibatizwa na kina mama wa wodini kwa ajili ya ulimi wake. Yeye amepanga chumba kule sokoni, akitoka nje anaiona hospitali. Mimi nakaa ng'ambo ya mto. Ataijua wapi shida ya nyumba?

Ninaitaka nyumba ile. Naandika hapa ili nisije nikajifanya baadaye kwamba sikuitaka.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Ndoo mbili sasa.

Jumapili, 9 Machi

Mama amekohoa tangu asubuhi, kikohozi kizito cha kifuani. Nimemfuata fundi wa mabati kwa mara ya tatu. Anasema, "Kesho asubuhi na mapema, dada yangu, hata usiwe na wasiwasi." Kesho yake huyu mtu haina tarehe. Nilimwambia Mama fundi anakuja kesho. Mama akaniuliza, "Yule wa kesho ya wiki iliyopita?" Nikacheka, ila rohoni nilitamani kumvuta yule fundi kwa sikio hadi juu ya paa.

Jumatano, 12 Machi

Leo nimegombana na Sindano kwa ajili ya miguu.

Kwenye wodi nyingine kukabidhiana zamu ni maneno tu. Huyu kala, yule katapika, dripu ya kona inakaribia kwisha, kwaheri. Kwetu hapana. Sindano kaweka utaratibu wake, na hakuna aliyewahi kumwuliza kautoa wapi. Anayetoka na anayeingia wanapita kitanda kwa kitanda, wote wawili, na kila mmoja anashika miguu ya kila mtoto, maana mtoto anayezidiwa huanza kupoa miguuni. Anayetoka anasema, "Ina joto." Anayeingia anashika, naye anasema, "Ina joto." Msiposema wote wawili, hamjakabidhiana, na anayetoka hatoki.

Leo vitanda vimejaa, wengine wamelazwa wawili wawili. Nilikuwa nimesimama tangu alfajiri. Mto unapanda, Mama yuko peke yake. Nikamwambia kwa upole kabisa, "Dada, leo tufupishe."

"Fupisha sketi, zamu iache ilivyo," akajibu mbele ya kina mama wote. Wakaangua kicheko.

Nikapita kitanda kwa kitanda, ina joto, ina joto, ina joto, meno nimeyauma. Nilipofika mtoni maji yalikuwa yanalamba mbao za daraja. Huyu mwanamke ataniua siku moja, halafu atashika miguu yangu na kusema imepoa.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Fundi hakuja.

Ijumaa, 21 Machi

Sasa nimejua tuzo inaamuliwaje, na damu inanichemka.

Mlinzi wa getini, tunayemwita Macho, kapewa kazi na Daktari Mkuu ya kuangalia nani anaingia, na nani anawahi kuingia. Basi. Hicho ndicho kipimo cha ubora. Macho ni mtu mkweli, hilo simnyimi, hana hila na hasahau sura. Lakini tangu habari ivuje, watu wameanza kumsalimia kama mkwe. Bwana wa mapokezi anamletea chai na mkate. Mama wa famasi, ambaye hajawahi kumwitikia salamu, leo kamwuliza habari za mgongo wake. Macho mwenyewe kanyoosha shati, anakohoa kidogo kabla ya kuitikia.

Anayelala jirani na geti atawahi. Anayevuka mto na tope la magotini atachelewa, hata akiamka na majogoo. Nilimwambia Sindano kwamba huu ni upuuzi mtupu. Akasema, "Wewe unataka nyumba au unataka haki? Chagua kimoja ukikasirikie." Angalau yeye hapeleki chai getini.

Alhamisi, 27 Machi

Kikohozi cha Mama kimehamia mgongoni, anasema. Nimempa dawa. Nimemwona akiangalia juu, anahesabu mabati.

Jumatano, 2 Aprili

Daraja limekwenda. Nilisikia mlio asubuhi, nikadhani ni mti. Nilipofika ukingoni, palikuwa na nguzo moja tu imesimama na maji ya rangi ya matofali yanaizunguka. Leo ilikuwa nimpokee Sindano asubuhi. Mwenzetu wa tatu naye yuko huku ng'ambo, na ana mtoto mchanga. Nimerudi nyumbani na hasira za bure. Nani utamfokea, mto?

Alhamisi, 3 Aprili

Vijana wamefunga kamba kule kivuko cha juu, penye mawe. Nimevuka. Maji yalinifika kifuani, viatu nimevishika juu ya kichwa, gauni la kazi limenigandia mwilini. Jirani kaahidi kumchungulia Mama, lakini sharti nirudi kabla ya jioni, maana jioni maji hupanda.

Nilipoingia getini nimelowa chapachapa, wagonjwa walio kwenye baraza walipiga makofi. Daktari Mkuu alitoka ofisini, akaniambia nisimame hivyohivyo, akanipiga picha kwa simu. "Shika viatu juu kama ulivyokuja," akasema. Nikashika. Nilijisikia vizuri, sitaficha.

Wodi yetu iko nyuma kabisa, ukivuka jiko na uwanja wa kuanikia nguo, na uwanja huo sasa ni bwawa. Daktari Mkuu hajakanyaga huko tangu juzi. Nilimkuta Sindano kavaa gauni lile alilovaa Jumanne. Watoto wa nimonia wameongezeka, mtungi wa oksijeni ni mmoja, anauhamisha kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Badala ya pole, kaniambia, "Umechelewa."

Nimevuka mto kwa kamba! Umechelewa!

Ijumaa, 4 Aprili

Nimevuka tena. Nikifika, Sindano hushika miguu ya watoto wote pamoja nami, kisha huenda kulala kwenye stoo ya mashuka, chini, mlango wazi. Nikitaka kuondoka namwamsha. Leo nilipomgusa bega aliinuka kabla sijasema neno, akafunga kitambaa kichwani, akauliza, "Nani kazidiwa?"

Namwambia aende kwake akaoge, ni hapo sokoni tu. "Nimwachie nani?" Namwambia tabibu wa zamu. "Tabibu ana wodi nne." Hana jibu zuri hata moja mtu huyu.

Jumamosi, 5 Aprili

Mawingu meusi yalikuwa yamejikusanya mlimani. Nilikuwa na roho juu. Nikamwamsha mapema nikamwambia natoka. Akasema tupite vitandani. Nikamwambia watoto wote wazima, nimewaona mwenyewe sasa hivi.

"Umewaona kwa macho," akasema.

"Dada, mama yangu yuko peke yake na nyumba inavuja!"

Nikatoka. Nilimwacha kasimama katikati ya wodi, ana alama ya sakafu shavuni. Nilipokaribia geti nikasikia mama wa usafi ananiita kwa nyuma, ananiita kwa jina, mara mbili. Nikajitia hamnazo, nikakaza mwendo.

Nimemkuta Mama salama. Ndoo zilikuwa hazijajaa hata nusu.

Jumapili, 6 Aprili

Mtoto wa kitanda cha mwisho, yule mdogo anayelala na kofia ya manjano, miguu yake jana ilikuwa barafu. Sindano alianza kupita peke yake mara nilipotoka, akafika kwake, akamtuma mama wa usafi aniite nirudi tusaidiane. Sikurudi. Alimfufua peke yake, mkono mmoja kashika mtungi, mwingine kamshika mtoto. Leo mtoto ananyonya.

Sindano kaniambia mlangoni, kwa sauti ndogo, na ile sauti ndogo ndiyo iliyoniudhi: "Ungeuogopa mto, ningekuelewa. Lakini jina lako ulilisikia vizuri."

Nimemwambia aache kunisimanga, kwamba yeye hana mgonjwa nyumbani, hana mtu, hajui. Nikasema hivyo. Hana mtu. Kaniangalia, kisha kaenda kulala stoo.

Nina hasira naye. Nimeandika sentensi hiyo mara mbili nikaifuta mara moja. Nina hasira.

Jumanne, 8 Aprili

Wameweka magogo mtoni. Mwenzetu wa tatu kafika, Matroni naye kafika, alikuwa kakwama mjini. Sindano kakabidhi zamu, kitanda kwa kitanda, ina joto, ina joto, kisha kapita uani kuelekea mlango wa jikoni, ambao ndio wa karibu na sokoni. Miguu yake ilikuwa imevimba hadi viatu kavishika mkononi. Hakumuaga mtu.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua imepunguza. Fundi kasema kesho.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimeshinda.

Daktari Mkuu kaniita ofisini, kafunga mlango, kaniambia kamati imekaa na jina ni langu. "Ile picha imegusa kila mtu. Macho kasema mwenyewe, siku zile mbaya kuliko zote, kakuona ukiingia kila siku umelowa." Sherehe ni Ijumaa ijayo. Nisimwambie mtu.

Nilitoka nikaenda chooni nikacheka peke yangu, mkono mdomoni. Paa jipya! Na bomba!

Jumamosi, 26 Aprili

Nimemwambia Mama. Katazo lile halimhusu Mama. Akauliza kama dirisha linaangalia barabarani. Nikamwambia linaangalia geti, utawaona watu wote wanaoingia na kutoka. "Basi sitachoka tena," akasema. Akaanza kuzikunja nguo zake, zile zile mbili tatu, anazikunja na kuzikunjua. Sijamwona na furaha hivi tangu Baba afariki.

Jumanne, 29 Aprili

Leo ndiyo siku mbaya, tena hakuna aliyekufa.

Matroni kaniita pembeni, kaniuliza kama najua Sindano alikuwa wapi siku za mafuriko. Nikadhani ananitania. Nikamwambia alikuwa wodini. Akasema Daktari Mkuu kampa Sindano onyo la utoro, na siku hizo zitakatwa kwenye likizo yake. "Wewe umevuka mto," Matroni akasema, "na yeye anakaa sokoni, hakuonekana. Nilitaka nisikie kwako, maana yeye mwenyewe nimemwuliza kakataa kunijibu."

"Nani kasema hakuonekana?"

"Macho."

Nilitoka mbio hadi getini. Macho alikuwa anakunywa chai ya watu. Nikamwuliza, "Kaka, wewe ulisema Sindano hakuwepo?"

"Sikusema hakuwepo," akajibu, bila wasiwasi. "Daktari aliniuliza siku zile umemwona akiingia? Nikasema sikumwona akiingia. Kweli sikumwona."

"Hakuingia kwa sababu hakutoka!"

Akafikiri. Nilimwona anafikiri, mtu mzima, kikombe mkononi. "Hilo linawezekana," akasema. "Lakini mimi niliulizwa nani anaingia. Sikuulizwa nani hajatoka."

Nilitaka kumwaga ile chai. Nikaenda kwa tabibu, ambaye kila siku alimkuta Sindano pale. "Mimi sikuulizwa," akasema. Nikaenda kwa mama wa usafi. "Mimi nani wa kuulizwa?" akasema. Hospitali nzima inajua na hakuna aliyeulizwa.

Kisha nikakaa kwenye benchi la nje ya jiko, nikaona kwamba hata mimi sijaulizwa. Na kwamba nikikaa kimya mpaka Ijumaa, hakuna atakayeniuliza.

Jumatano, 30 Aprili

Sikusema leo. Mama kauliza kama kule kuna mahali pa kuanika nguo. Nikasema kupo.

Alhamisi, 1 Mei

Nimemfuata Sindano wodini, nikamvuta hadi stoo ya mashuka, nikafunga mlango.

"Kwa nini husemi?"

"Niseme nini?"

"Kwamba ulikuwepo! Wanakuita mtoro!"

Alikuwa anakunja mashuka. Hakuacha. "Niende getini nikajieleze kwa Macho? Nimwambie Daktari, samahani, nilikuwa nyuma yako, hukugeuka?" Akapiga shuka kofi likanyooka. "Nimefanya kazi hapa tangu wewe unavaa sare ya shule. Kama mpaka leo nahitaji kuthibitisha kwamba nipo, basi sipo."

"Hicho ni kiburi, Dada."

"Changu. Usikiguse."

Nikamwambia mimi ndiye mshindi. Nilitegemea atanitukana. Akaacha kukunja shuka.

"Mama yako bado anakohoa?"

"Anakohoa."

"Basi chukua nyumba ufunge mdomo."

Na hapo ndipo nilipopandwa na hasira ya kweli. Angenitukana ningejua la kufanya. Ningeichukua nyumba ile kwa raha zangu zote, nikampitia kila asubuhi na ufunguo kiunoni. Yeye kaniuliza habari za kikohozi. Nikamwuliza, "Kwa nini unaniambia hivyo?"

"Kwa sababu mimi nilikuwa na mama," akasema. "Aliugulia wodi ya wanawake, hapahapa, akafia humo mimi nikiwa zamu huku kwa watoto. Ulisema sina mtu. Ni kweli sina, ila nilikuwa naye."

Sikujua. Tumefanya kazi pamoja miaka yote hii, nikishindana naye kwa miguu ya watoto, na sikujua. Nikamwambia nisamehe. Akasema, "Toka, kuna dripu inakwisha."

Ijumaa, 2 Mei

Nitaandika yote, maana kesho watayasimulia vingine.

Walifunga maturubai mawili na viti vya kukodi. Getini walitundika bango kubwa la plastiki, refu kuliko mlango, na juu yake picha yangu, nimelowa, viatu juu ya kichwa, natabasamu kama niliyeokota kitu. Chini yake maandishi mekundu: MFANYAKAZI BORA WA MASIKA. Mgeni rasmi alichelewa sana, na Macho hakusema lolote kuhusu kuchelewa kwake.

Mama aliletwa na jirani, kavaa gauni lake la kitenge. Walimkalisha mstari wa mbele. Kila mara aligeuka kuitazama nyumba ya getini, mlango wake, dirisha lake.

Sindano hakuwepo. Alikuwa wodini. Mtu lazima awepo wodini.

Nikaitwa. Makofi. Daktari Mkuu kaeleza kuhusu kujitolea, moyo wa kazi, kamba, maji ya kifuani. Akasema pia kwamba wapo wengine wanaoishi hatua chache tu kutoka hapa ambao siku zile hawakuonekana, na watu wa aina hiyo hospitali haitawavumilia. Akaniwekea ufunguo mkononi. Ulikuwa na utepe wa buluu. Kisha akanipa kipaza sauti niseme asante.

Nikasema, "Asante. Sasa nataka niulize swali, maana hapa watu hawaulizwi."

Wakacheka. Walidhani ni utani.

"Siku zile nilipovuka mto, niliingia jua limeshapanda nikatoka jioni haijafika. Wodi ilikuwa na nani muda mwingine wote? Watoto walikuwa wanajibadilishia oksijeni wenyewe?"

Daktari Mkuu akanyoosha mkono akitaka kipaza sauti. Nikarudi nyuma hatua moja.

"Mlimtafuta Sindano getini. Getini hakupita, kwa sababu hakutoka. Alilala stoo, chini, na mimi nilikuwa namruka nikichukua mashuka. Na siku moja niliondoka bila kukabidhi. Mtoto akazidiwa, nikaitwa nirudi, nikasikia, nikaenda zangu. Huyo ndiye mmemtundika pale getini. Tabibu yuko hapa, mwulizeni. Mama wa usafi yule pale, mwulizeni! Mmeona aibu gani kuuliza?"

Tabibu akatazama viatu vyake. Mama wa usafi ndiye aliyesimama. "Ni kweli," akasema. "Niliita mara mbili."

Daktari Mkuu alikuwa kashachukua kipaza sauti. Akasema hisia ni kitu kizuri, akasema kamati itakaa upya, na kwa sasa ufunguo urudi ofisini mpaka utaratibu ufuatwe. Akaniwekea kiganja mbele yangu, mbele ya watu wote, kama unavyomnyang'anya mtoto mkasi.

Nikamtazama Mama. Alikuwa ameacha kuitazama nyumba, ananitazama mimi. Nikaurudisha ufunguo.

Bwana wa mapokezi alicheka, kwa mazoea, kisha akanyamaza.

Njiani tukavuka magogo. Ndipo Mama akasema, "Ungeniambia mapema nisivae gauni la kitenge." Baadaye kidogo akanishika mkono, akasema, "Huyo mtoto yu hai?" Nikasema yu hai. "Haya."

Nimelia. Nimelia kwa hasira, kwa sababu ya dirisha.

Jumamosi, 3 Mei

Sindano kasikia yote. Neno lake la kwanza: "Nani alikutuma?" La pili: "Mtoto wa kitanda cha pili anza naye." Tukashika miguu.

Jumatano, 7 Mei

Onyo la Sindano limefutwa, kimyakimya, kwa mdomo wa Matroni, bila samahani. Kamati nayo imekaa. Imeamua nyumba ya getini itunze viti na maturubai ya sherehe mpaka mwakani. Nimepita nikachungulia dirishani. Viti vimepangwa hadi dari, vikavu kabisa.

Bango langu bado liko getini. Nimemwomba Daktari Mkuu alitoe, akasema limegharimu, litakaa mpaka masika yaishe. Kila asubuhi napita chini ya uso wangu. Natamani kuutemea mate.

Jumapili, 11 Mei

Leo si zamu yangu wala ya Sindano. Mchana mawingu yakakusanyika, nikaanza kupanga ndoo. Nikasikia mtu anagombana na mbwa wa jirani, nikajua sauti. Ni Sindano, kavaa mabuti ya mpira, nyundo mkononi, na juu ya kichwa kabeba furushi refu lililoviringishwa.

"Ngazi iko wapi?" Hakunisalimia. Mama alimkaribisha, naye akamwambia Mama, "Shikamoo," akaweka furushi chini. Likajikunjua kidogo. Nikaona kiatu. Nikaona mkono wangu umeshika kiatu.

"Dada! Umelitoa getini?"

"Nililitoa."

"Macho hakukuona?"

"Nilipita mbele yake. Tukasalimiana." Akaweka misumari mdomoni, akasema huku kaibana, "Kazi yake ni nani anaingia. Hajaulizwa nini kinatoka."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Sijui lini nilicheka hivyo mara ya mwisho. Akanifokea nishike ngazi, nisiitikise. Akapanda juu, mwanamke wa umri ule, akalitandaza bango juu ya tundu, akalipigilia kwenye mbao, akalibana na mawe pembeni. Mama alikuwa chini anauliza, "Uso wa mwanangu mmeuweka upande gani?"

"Juu, Mama. Mvua imwoshe."

"Afadhali. Sitaki mtu anikodolee macho nikilala."

Mvua ikaja. Tukaingia ndani watatu, tukasimama tunaangalia juu. Ilipiga kwenye plastiki kwa kelele kubwa. Ndoo zikabaki tupu. Mama akajilaza mahali pake pa zamani, palepale tulipokuwa tumepakimbia.

Bado nina hasira. Nina hasira na kamati, na viti vilivyolala pakavu, na tabibu aliyetazama viatu vyake. Sitaki ziishe.

Mvua ilipopungua Sindano akachukua nyundo yake. Kabla hajatoka, akaenda miguuni mwa kitanda, akafunua shuka, akashika miguu ya Mama.

"Ina joto," akasema. Kisha akasimama pale, mkono kiunoni, akanisubiri.

Nikaenda, nikaishika.

"Ina joto," nikasema, naye akaondoka.